Aliyezikwa Mara Mbili

Dereva wa lori alimpa Salumu habari ile huku akifungua kamba za turubai, kama mtu anayesimulia mvua iliyomnyeshea njiani.

"Kwenu wamefukua mtu."

Salumu alikuwa na gunia la korosho begani. "Kwetu wapi?"

"Kwenu Namtende. Vijana wa kujenga taifa wanachimba msingi wa shule, pale kwenye mikorosho ya mama yako iliyochukuliwa na kijiji. Wamekuta mifupa. Meno ya mbele yamechongwa, yana ncha kama ya papa. Watu wanasema ni yule Mmakonde wa ng'ambo. Bernardino."

Salumu alilipeleka gunia hadi kwenye rundo, akalitua, akabaki amesimama hapo huku wapagazi wengine wakimpita na kumsukuma. Bandarini msimu wa korosho hakuna mahali pa kusimama. Alirudi kwenye lori.

"Bernardino alivuka mto kwenda kupigana na Wareno," alisema. "Kila mtu anajua."

"Basi alivukia chini ya mkorosho," dereva alisema. "Na wamekwisha kumkamata mtu. Fernando, ndugu yake. Baiskeli ya marehemu ilikuwa kwake miaka yote hii, na kuna waliowasikia wakigombana kisimani. Polisi wamemchukua juzi."

Bernardino alikuwa mchumba wa Asha, dada yake Salumu. Yeye, kaka yake Fernando na mke wa Fernando walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji mwaka 1966, wakikimbia vita, wakapewa sehemu ya kulima muhogo jirani na mikorosho ya mama yake Salumu. Mwaka uliofuata Bernardino akatoweka. Ikasemwa amerudi ng'ambo kushika bunduki. Vijana wengi walifanya hivyo bila kuaga, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta.

Salumu aliomba ruhusa kwa nyapara. Chumbani kwake karibu na bandari alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Aliswali Adhuhuri, na alipofika kwenye tahiyatu hakukumbuka ameswali rakaa ngapi, ikambidi arudie. Ya pili pia hakuwa na uhakika nayo. Alikaa juu ya mkeka akamwomba Mungu amtulize moyo, na moyo haukutulia. Asubuhi alipanda lori lililokuwa likirudi vijijini likiwa tupu.

*

Namtende haikuwa ile aliyokulia. Mwaka huo, wakati wa Operesheni, nyumba zote zilikuwa zimesogezwa barabarani na kupangwa mistari, na miti ya kuta mpya ilikuwa bado inachipua majani. Mama yake, Mwanakombo, alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anasonga ugali wa muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Dereva wa lori."

"Madereva wana midomo," alisema, akaongeza unga.

Salumu alichuchumaa karibu na mafiga. Ndipo akaziona kuni. Zilikuwa fito za mkoko, zimenyooka, kuukuu, mchanga umeganda kwenye magamba. Ncha iliyotokeza nje ya moto ilikuwa nyeusi. Weusi huo haukuwa wa moto wa leo. Ulikuwa chini ya mchanga. Alivuta fito moja kutoka kwenye lundo lililosubiri. Ilikuwa imebabuliwa ncha zote mbili.

Marehemu baba yake alikuwa mchimba makaburi wa Namtende. Wengine walipofunika mwanandani, ule mfereji mwembamba ndani ya kaburi ambamo maiti hulazwa, walitumia vipande vya mnazi. Baba yao alitumia mkoko, na kila fito aliibabua ncha mbili, kwa sababu mchwa huanzia nchani. Alipokufa, mwanawe mkubwa Hamisi aliendelea hivyo hivyo, na Salumu alikuwa msaidizi wake mpaka alipokwenda kufanya kazi bandarini. Hapakuwa na nyumba nyingine iliyofanya hivyo, Namtende wala vijiji vya jirani.

"Mama, kuni hizi umezitoa wapi?"

"Kuni ni kuni."

"Hizi ni za kaburi."

"Iweke chini, Salumu."

Hakuiweka. Mama yake alisonga ugali mara kadhaa, kisha akasema bila kumtazama, "Vijana walizitupa pembeni. Watoto wa bara wale, hawajui ni nini. Nikazibeba kabla askari hawajafika. Utakula?"

"Nimefunga," Salumu alisema.

Alikuwa hajafunga. Lakini tangu jana hakuwa ameweka kitu mdomoni na jua lilikuwa bado halijafika utosini, kwa hiyo alitia nia hapo hapo ili neno lake lisiwe uongo, na hakula mpaka Magharibi.

Asha aliingia na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na alikuwa amekataa wachumba mpaka watu wakaacha kuja. Aliitua ndoo na kumshika kaka yake mkono, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Salumu alikitambua kwa mshangao. Ulikuwa umefunguka.

"Umesikia, kaka? Hakwenda."

"Nimesikia."

"Mimi nilidhani kanikimbia. Kila aliyerudi kutoka ng'ambo nilimwuliza, na wote wanasema hawakumwona. Nikasema kumbe kawaomba wanifiche. Kumbe alikuwa hapa hapa. Nilikuwa naokota korosho juu yake."

"Chota maji mengine," mama alisema.

"Ndoo imejaa, mama."

"Basi kaikoge. Toka jikoni."

Asha hakutoka. "Na si Fernando," alisema. "Walipompandisha kwenye gari alikuwa analia kama mtoto. Hata alipoulizwa jina lake alishindwa kujibu. Mtu aliyeua angekuwa amejiandaa miaka yote."

Mama aligonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. Salumu aliirudisha fito kwenye lundo, kwa kuwa Asha alikuwa anatazama mikono yake.

*

Alimkuta Hamisi kwenye mikoko, maji yamekupwa, anakata fito. Hamisi alikuwa na miaka arobaini au karibu yake. Alikuwa ndiye anayeadhini katika msikiti mdogo wa Namtende, na ndiye aliyeitwa kila palipotokea msiba. Salumu alipokuwa mdogo na tumbo la kuhara damu, ni Hamisi aliyembeba mgongoni wakati barabara imekatika na mvua, kutoka kijijini hadi hospitali ya mjini, akiogelea palipojaa na kumwambia, usilale, Salumu, hesabu ndege.

"Mama kakutuma?" Hamisi aliuliza.

"Hapana. Nimeziona kuni."

Hamisi aliendelea kukata. "Nilimwambia azitose mtoni. Mama hajui kutupa kitu."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Panga lilipiga tena na tena. Kaa walikuwa wanakimbia kwenye tope.

"Unakumbuka nyumba yetu ilikuwa na nguo na mvinyo wa kuuzia watu wa mjini, wakati wengine hawana hata chumvi?" Hamisi alisema. "Ulidhani ni korosho?"

"Nilikuwa mdogo."

"Ulikuwa na miaka ishirini na moja. Hukutaka kuuliza. Nilikuwa navuka na mafuta ya taa na sigara, nawapelekea askari wa Kireno kambini kwao. Wao wananipa vitambaa na mvinyo. Jioni moja narudi, nimefika ukingoni, Bernardino yuko pale anatega kaa. Akaona mapipa, akaona chupa. Mimi naye tulikuwa tumeshakuwa ndugu, nikamwambia, shemeji, nisaidie kubeba. Akanitazama tu. Baba yake aliuawa na askari wa kambi ile ile, Salumu. Mimi nilikuwa najua."

"Akasema nini?"

"Akasema atakwenda kuwaambia wapiganaji. Nilimwomba. Nilimtajia Asha. Akanipa mgongo aende zake. Kafi lilikuwa mkononi mwangu." Hamisi aliliweka panga chini hatimaye. "Mara moja tu. Nilitaka asimame. Hakuinuka."

"Na mama?"

"Mama alinikuta nalia. Wangetuua sote, Salumu. Mtu anayewauzia Wareno wakati ule, unajua wangemfanya nini, na nyumba yake yote."

"Sasa Fernando atanyongwa."

"Mungu anajua."

"Mungu anajua ni wewe."

Hapo Hamisi alisimama wima na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Usinifundishe Mungu. Bernardino alikuwa Mwislamu. Hukulijua hilo. Nilimwambia simpi dada yangu mtu wa dini nyingine, akaja mwenyewe, akashahadia mbele yangu na mama. Nikampa jina la Saidi. Akaomba Fernando asiambiwe mpaka ndoa ipite. Basi nilimwosha. Mama akatoa sanda yake, aliyojiwekea mwenyewe sandukuni. Nikamswalia peke yangu, nikamkatia mwanandani, nikamlaza ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso Kibla. Mtu mwingine angemtosa mtoni aliwe na mamba, ushahidi wote ungekwisha. Mimi nilishindwa. Siku ya hesabu, hilo moja ninalo la kusema."

"Na lile lingine?"

"Lile nitalijibu huko. Si kwa sajenti."

Maji yalianza kurudi. Walikusanya fito pamoja, kwa kuwa mikono yao ilizoea kufanya kazi hiyo pamoja, na Hamisi akauliza kwa sauti ndogo, "Utasema?"

"Sijui, kaka."

*

Siku nzima iliyofuata Salumu hakukaa mahali pamoja. Alitoka nyumbani kwenda msikitini, kutoka msikitini kwenda barabarani, akasimama kana kwamba anasubiri lori, lori likaja, akalipungia mkono lipite. Msikitini alimsikia kaka yake akiadhini kwa ile sauti nzuri, na watu wakaja wakajipanga, naye akajipanga pamoja nao. Alipoweka paji la uso chini aliomba jambo moja, kwamba Mungu alichukue jambo hili mikononi mwake. Kisha alipoinuka alikuta bado analo.

Kwenda kituoni mjini kulikuwa ni kumpeleka Hamisi kwenye kamba kwa miguu yake mwenyewe. Hakuweza. Alijaribu kujiona akisimama mbele ya meza ya sajenti na kulitamka jina, na kila mara alisikia, usilale, Salumu, hesabu ndege. Lakini kunyamaza kulikuwa ni kumpeleka Fernando kwenye kamba ile ile, na Fernando alikuwa na mke na binti.

Alikwenda kwa mke huyo. Laurinda alikuwa amezungukwa na mizigo. Vita vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha na watu wa Msumbiji walikuwa wanajiandaa kurudi kwao. Yeye na Fernando walikuwa wamekwisha kufunga vyombo vyote polisi walipokuja.

"Shikamoo, Mama Esperanca."

"Marahaba. Karibu. Kiti kiko ndani ya mzigo, kalia sufuria."

Salumu alibaki amesimama.

"Umekuja kunipa pole au kunitazama?" Laurinda aliuliza. "Maana leo wamekuja wengi wa kunitazama. Mwenyekiti amekuja, amenitazama, ameondoka."

"Nimekuja kukupa pole."

"Nimepoa. Mume wangu yuko lokapu, shemeji yangu yuko kwenye boksi la polisi, na kesho alasiri wananiletea boksi nimzike. Nimewaambia nileteeni na mwenye miguu. Wakacheka. Katekista anakuja, msalaba ninao. Mchimbaji sina. Wale vijana wa shule wanaogopa, wanasema wao ni wa kujenga taifa, si wa kuzika. Wanaogopa mfu. Mimi mfu hajawahi kunipiga."

Salumu alifungua mdomo amwambie. Neno lilifika kwenye meno likabaki hapo. Alitazama mizigo, kamba za ukili zilizofungwa vizuri, mwiko uliotokeza. Ndipo lile wazo likamjia, na lilikuja taratibu, likiwa limekamilika, hata akaogopa limetoka wapi.

Hamisi alikuwa ameweza kuwadanganya watu kwa miaka saba. Angeweza kuwadanganya miaka mingine saba. Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo uongo wake haukufika, na mahali hapo palikuwa ndani ya kaburi.

"Mwombe kaka Hamisi," alisema. "Hajawahi kukataa msiba wa mtu."

"Hata wa Mkristo?"

"Alimchimbia yule mzee wa misheni, hukumbuki? Mwombe achimbe, na awe yeye wa kusimama ndani kulipokea sanduku. Na mwambie mtamlaza kwa desturi yenu. Chali, kichwa magharibi."

"Mchimbaji wa miaka yote haijui desturi yetu?"

"Mwambie tu, Mama Esperanca."

Laurinda alimtazama. Alikuwa na chale za kimakonde mashavuni, na zilipotulia uso wake ulikuwa mgumu kuusoma. Kisha akajifunga khanga kiunoni akaenda.

Salumu alibaki pale kati ya mizigo. Alijiambia kwamba hakumsaliti mtu. Hamisi angeweza kukataa. Angeweza kuchimba, kulaza, kufukia na kwenda nyumbani. Alikuwa amemwachia Mungu, na alikuwa amemwachia Hamisi. Alilirudia hilo njia nzima.

Mama yake alikuwa mlangoni. "Hamisi amekubali kumchimbia Laurinda," alisema. "Nani alimtuma mwanamke yule kwake?"

"Mimi."

Mwanakombo alishika mwimo wa mlango. Hakuhitaji kuelezwa, alimjua mwanawe mkubwa kuliko mtu yeyote. "Hukumtuma Laurinda," alisema. "Umemtuma Hamisi."

"Mama, kuna mtu asiye na hatia ndani."

"Na huyu aliyekubeba je? Ulikuwa unamnyea mgongoni, Salumu. Alifika hospitali ananuka, manesi wakadhani mgonjwa ni yeye. Alicheka. Na wewe leo umemtafutia shimo."

"Mwambie asiende."

"Nimemwambia. Anasema ameshatoa neno lake." Alimtazama kama anayetazama mtu mgeni aliyekuja na shida. "Anasema na nani mwingine atamlaza."

*

Makaburi ya Wakristo yalikuwa upande wa juu, palipo na udongo mwekundu kidogo. Landrova ya polisi ilifika alasiri ikiwa na askari mmoja na dereva. Watu walikuwa wengi, Waislamu na Wakristo, kwa sababu Namtende msiba ni wa wote. Laurinda alikuwa mbele na binti yake Esperanca. Asha alisimama pamoja nao. Kwao Waislamu mwanamke haendi makaburini, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrudisha. Mama alisimama mbali, kwenye njia, ambako angeweza kusema alikuwa anapita tu.

Kaburi lilikuwa tayari tangu saa sita. Hamisi alisimama ndani, kifua kitupu, kina kimefika mabegani.

Katekista alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichungulia. "Bwana Hamisi, huo mfereji humo ndani ni wa nini?"

Salumu alifika ukingoni akachungulia naye. Chini ya kaburi, upande wa kaskazini, Hamisi alikuwa amekata mwanandani, safi, kingo zimenyooka kama ilivyokuwa desturi ya baba yao.

"Ni wa maji," Hamisi alisema.

"Maji gani? Masika bado."

"Yatakuja."

Watu wawili walicheka kidogo. Katekista alisoma sala zake kwa utulivu, wakaitikia, kisha sanduku likateremshwa. Lilikuwa sanduku dogo la mbao, lenye alama ya mkaa upande wa kichwa. Hamisi alilipokea kwa mikono miwili, akageuka, akainama aliweke.

"Kichwa huku, bwana Hamisi," katekista alisema. "Magharibi. Umelielekeza mashariki."

Hamisi aliinuka. Aliligeuza sanduku. Aliinama tena, akakaa hivyo ameinama, sanduku halijagusa udongo. Aliinuka tena akaligeuza kichwa mashariki.

"Umechoka," Laurinda alisema kutoka juu. "Mpeni mtu mwingine."

"Sijachoka."

"Basi mlaze shemeji yangu. Nimekuambia jana, chali, kichwa magharibi."

Hamisi alimtazama Laurinda, kisha akatazama juu zaidi, akamwona Salumu. Salumu alitaka kutikisa kichwa, kumwambia mlaze tu, kaka, fukia, twende nyumbani. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote. Hakutikisa.

"Siwezi," Hamisi alisema.

"Huwezi nini?"

"Kumlaza hivyo. Si wenu."

Laurinda alisogea mpaka udongo ukaporomoka chini ya miguu yake. "Nimempikia. Nimemfulia. Nimevuka naye mto usiku anatetemeka kwa homa. Wewe unaniambia si wetu?"

"Alishahadia. Jina lake ni Saidi. Aliogopa kumwambia Fernando. Mimi ndiye niliyemsomesha."

Manung'uniko yalipita kati ya watu. Askari aliyekuwa ameegemea Landrova alikuja taratibu, anapangusa mikono kwenye suruali. "Alishahadia mbele ya nani, mzee?"

Macho ya Hamisi yalikwenda kwenye njia, kwa mama yake, yakarudi upesi. "Mbele yangu peke yangu."

"Na hukumwambia mtu miaka yote hii."

"Hakuna aliyeuliza."

"Sasa inakuuma nini namna anavyolazwa? Amekaa chini ya mkorosho miaka saba bila sala ya mtu yeyote."

"Aliswaliwa," Hamisi alisema. Ilimtoka kwa haraka, kwa hasira, kama mtu aliyeambiwa kazi yake ni mbovu. "Aliswaliwa na aliwekwa sawa. Nilimwosha kwa mikono yangu hii."

Askari aliacha kupangusa mikono. Hamisi mwenyewe alionekana kulisikia neno lile baada ya wengine. Kisha mabega yake yakashuka, si kama ya mtu aliyeshindwa, bali kama ya mpagazi aliyefika.

"Fernando hakufanya lolote," alisema. "Mwachieni aende kwao. Nilimpiga mimi, na kafi, ukingoni mwa mto. Nilikuwa peke yangu. Salumu, njoo umpokee."

Salumu aliruka chini. Kaburi halikuwa na nafasi ya watu wawili, vifua vyao vikagusana, na sanduku likapita kutoka mikono hadi mikono. Lilikuwa jepesi sana. Hamisi alinuka jasho na udongo.

"Kaka," Salumu alisema.

"Usilitikise," Hamisi alimwambia. Aliushika mkono wa askari akapanda juu. Pingu zilifungwa kwa upole, na walipompitisha kati ya watu, walimpisha kama wanavyompisha mtu anayebeba maji.

Laurinda alikuwa bado ukingoni. Aliongea kwa sauti ambayo Salumu peke yake aliisikia, na katekista labda.

"Wewe ulijua. Uliniambia maneno ya kumwambia. Ulinituma mimi, mke wa Fernando, nimtoe kaka yako kwa mdomo wangu, ili wako ubaki safi."

Salumu alilikumbatia sanduku kifuani.

"Mwanaume wewe," alisema Laurinda. Kisha akageuka. "Asha. Alikuambia hayo ya dini?"

Asha alikuwa anatazama gari ambalo kaka yake mkubwa alikuwa anaingizwa. Aligeuka. "Aliniambia," alisema. "Alikuwa anajifunza Alhamdu. Alikuwa anaikosea katikati, kila siku pale pale. Alisema Fernando akijua atampiga."

"Angempiga," Laurinda alisema. "Kisha angemzoea." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, na katekista alivua miwani yake akaishika. "Mlaze anavyotaka mwenyewe. Ila msalaba nimekwisha kuulipia seremala, nitauweka. Mungu atajua wa kuuliza."

Salumu alilifungua sanduku. Ndani ya mwanandani sanduku halikuingia, kwa hiyo alitoa mifupa kwa mikono, mmoja mmoja, akaipanga ubavu wa kulia, akiomba kimya kimya kwa kila alichokigusa. Alipofika kwenye fuvu lenye meno yaliyochongwa, alilielekeza Kibla na kulikalisha kwa donge la udongo lisigeuke. Hakuna aliyeshuka kumsaidia.

Landrova iliondoka. Alipoinua kichwa aliona mama yake ameacha njia, anakuja kwa haraka, na kichwani ana kifurushi cha chakula kilichofungwa kwa kitambaa, cha kumpelekea Hamisi mjini. Angetembea mpaka apate lori. Alipita karibu kabisa na kaburi, hata mavumbi ya miguu yake yakaingia ndani.

"Asha, twende," alisema.

Asha alisimama katikati, kati ya kaburi na barabara. Mama yake hakumngoja. Salumu aliita mara moja, mama, na Mwanakombo akaendelea kutembea, mkono mmoja juu ukishikilia kifurushi, mpaka akafika barabarani na kuelekea upande wa mjini.

Katekista alichukua koleo akampa. "Fukia, mwanangu," alisema. "Jua linakwenda."